Mtaa Uliosahau Ntumba

Kabla hatujawaona tulisikia masufuria yao. Ilikuwa alfajiri ya baridi, ukungu umelala juu ya Kizwite, mtaa wetu pale Sumbawanga, mpaka nyumba ya jirani imemezwa. Ndani ya ukungu ule kikasikika kishindo cha bati kugonga bati, sufuria kugonga ndoo, na chini yake mngurumo wa lori lililotoka upande wa Mbeya, likija taratibu kwa gia nzito. Bibi yangu alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga. Mkono wake uliokuwa ukichochea moto ukasimama, akasikiliza.

"Wengine hao," akasema.

"Wengine nani, Bibi?"

"Watu wa ofisi. Mkulima hana masufuria mengi hivyo."

Ukungu ulipopasuka tukawaona: mwanamume mrefu aliyevaa koti la sufi, mkewe aliyejifunga kitenge kichwani, na watoto waliokuwa wamekaa juu ya mizigo, wamejifunika blanketi moja, macho yao yakitutazama kwa woga. Katikati ya magodoro ulisimama mkungu wa ndizi mbichi. Walikuwa wamekuja kuingia katika nyumba ya shoga yake Bibi, mama wa Kifipa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akija kuomba moto kwetu na kukaa mpaka moto wenyewe ukazimika mkononi mwake kwa mazungumzo. Mama yule alikuwa amehamia kijijini. Bibi akasimama, akafuta majivu kwenye khanga, akaenda kuwapokea wageni wale kwa kuwasaidia kushusha vyombo. Siku ile hakula mchana.

Nilikuwa nakaa na Bibi, mama yake mama yangu, kwa sababu wazazi wangu walilima mbali, kule uwanda unakokatika na kushuka kuelekea Ziwa Rukwa, na huko shule ilikuwa haijafika. Kwa hiyo habari za mji nilizipata kwake, jioni, tukipukuchua mahindi. Bibi alikuwa na namna yake ya kueleza historia. Hakutaja miaka wala watawala. Alitaja watu weusi wa mji: walikuwa akina nani, walilala wapi, na walikwenda wapi.

Mwanzo, alisema, mtu mweusi hakuwa na mji. Alikuwa na kazi mjini tu. Wazungu walikaa bomani. Wahindi na Waarabu walikaa barabara ya maduka. Sisi tulikuwa mpishi, askari, dobi, mpagazi, tukipita njia ya uani asubuhi na kurudi kwa njia hiyo hiyo jioni. Babu yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja pale boma. Alipooa, hakutaka mkewe alale kwenye kibanda cha nyuma ya jiko la mtu, akaomba kiwanja Kizwite, ambako wakati huo kulikuwa majani marefu na mashamba ya ulezi. Watu wakamcheka. Wakamwambia anampeleka bibi harusi kulala na fisi.

Kisha ukaja Uhuru, na baada yake maneno mapya: ujamaa, ndugu, kujitegemea. Barabara ya maduka ikaanza kung'oka meno. Mhindi wa vitambaa akaondoka, akafuata wa mafuta ya taa, halafu wa baiskeli. Watu waliokuwa wakipita uani wakaanza kukaa barazani. "Mji ukawa mweusi kutoka boma mpaka mtoni," Bibi alisema, na kila alipofika hapo alitabasamu, kwa sababu babu yangu alikuwa hai siku hizo, na alivaa kofia yake ya kazi barabarani bila kuivua mbele ya mtu.

Lakini nilipoanza kuwa na akili ya kutazama, watu weusi wale walikuwa wameanza kubadilika tena. Sumbawanga ilikuwa imefanywa makao makuu ya mkoa, na ofisi huvuta watu. Wakaja makarani, walimu, mabwana fedha, manesi, wafanyabiashara wa Mbeya wenye viroba vya mchele. Wakati huo huo Wafipa wa mtaa wetu walikuwa wakiondoka kimya kimya. Huyu aliitwa na ndugu zake kijijini, wakimwambia ardhi ya kijiji kipya inagawiwa, asipokuwepo atasahauliwa. Yule alikwenda Wampembe, ziwani, kuvua na shemeji zake. Mwingine alikufa, na wanawe wakauza nyumba kabla ya arobaini. Kifipa nilichokuwa nakisikia kila uani kikabaki uani kwetu peke yake. Jioni nyingine, tukikaa nje, Bibi alikuwa akianza neno kwa Kifipa, akatazama kulia na kushoto, akalimaliza kwa Kiswahili, ingawa mimi peke yangu ndimi niliyekuwa nikimsikiliza.

Yule mwanamume wa koti la sufi alikuwa karani wa mkoa, mzaliwa wa Tukuyu. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wema wake haukutusaidia. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa lake, akakata kuni zake mwenyewe, na haukupita mwaka watu wakamchagua kuwa balozi wa nyumba kumi. Kila asubuhi alipita kwetu akienda kazini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje na baridi yetu?"

"Baridi hii si ya binadamu. Na nchi gani hii, haina mgomba hata mmoja?"

"Ni nchi ya watu wanaolima. Migomba ni ya watu wanaosubiri vitu viote vyenyewe."

"Haya, Mfipa kashanitukana, na chai bado sijanywa!"

"Kanywe chai, mla ndizi. Jioni pita uchukue unga wa ulezi, watoto wako wamekonda."

Mkewe naye alimpenda Bibi. Alikuja na mtoto wake mdogo mgongoni kujifunza kusonga ugali wa ulezi. Mwanzoni alikuwa amekuja Sumbawanga na rozari ya kuazima, ingawa hakuwa Mkatoliki, kwa yale aliyosikia juu ya uchawi wa huku. Bibi alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Mngejua tunavyowaogopa nyinyi na ofisi zenu!"

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kipande cha ardhi kilichoteremka hadi kijitoni. Zamani Bibi alikuwa na shamba jingine ng'ambo ya kijito, lakini huko zilijengwa nyumba za watumishi, akabaki na kipande hicho tu. Alikilima kama Wafipa walivyolima tangu zamani, kwa ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha, majani yakiwa marefu na udongo bado laini, unakata bonge la udongo pamoja na majani yake, unaligeuza, majani yanalalia majani, unarundika mpaka kinakuwa kichuguu cha kufika kiunoni. Ndani yake majani yanaoza taratibu kiangazi kizima. Mvua zikirudi unakibomoa, unatawanya udongo ule mweusi, unapanda ulezi. Uwanda wetu hauna miti mingi ya kuchoma ili kupata majivu, wala si kila mtu ana ng'ombe wa kutoa samadi. Tuna majani. Ntumba ndiyo namna yetu ya kuilisha ardhi.

Kwa kawaida Bibi aligawa: upande mmoja ulezi, upande mwingine ntumba, na juu ya ntumba akapanda maharage. Lakini mwaka ninaousimulia alisimama katikati ya kipande kile, akafikicha udongo viganjani, akaunusa. "Imechoka," akasema. "Nimeikamua kama ng'ombe wa kuazima. Mwaka huu ipumzike yote." Akafanya ntumba kutoka ukuta wa jiko hadi kijitoni, na hakupanda kitu juu. Tungekula akiba ya ulezi iliyokuwa ghalani. Nilimsaidia kila nikitoka shule, mikono ikanuka majani mabichi hadi darasani. Tulipomaliza, tulivitazama vichuguu vile vikiwa vimesimama safu kwa safu, vimelowa, vyeusi, na Bibi akasema kwa Kifipa kwamba hajawahi kulima vizuri hivyo tangu babu afe.

Kiangazi kikaja, na upepo wake. Vichuguu vikakauka juu, vikawa rangi ya kahawia, vikapasukapasuka. Mtu asiyejua angeona mirundo ya udongo iliyotelekezwa. Mtoto mkubwa wa balozi alikataa kupita nyuma ya nyumba yetu jioni, akidai ni makaburi.

Kiangazi hicho ndipo ilipokuja amri. Redio iliisema, kisha wakaisema kwenye mkutano wa hadhara: kila mtu awe na kazi. Mtu anayekaa mjini bila ajira na bila shamba ni mnyonyaji, atapelekwa kijijini akazalishe pamoja na wenzake. Watu wakapiga makofi. Bibi naye alipiga. Alikuwa na jembe lililolika mpaka likawa kama kijiko, hakuona kwamba jambo lile linamhusu.

Mimi niliona kidogo. Nilimwambia jioni ile, "Bibi, tungepanda hata maboga juu ya ntumba, yaonekane."

"Yaonekane na nani?"

"Na watakaokagua."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mtu akikagua shamba hatazami maboga, mjukuu wangu. Anatazama udongo."

Kwa watu aliokulia kati yao, hilo lilikuwa kweli kabisa. Mwanamke wa Kifipa mwenye ntumba nyingi hakuulizwa kama analima. Wachumba walikuja wakaziona, wakwe waliziona, wakaenda zao wameridhika. Bibi hakuwa na sababu ya kudhani kwamba macho ya aina hiyo yamekwisha mtaani.

Walikuja asubuhi, baridi ikiuma. Alikuwepo balozi, akiwa amevaa koti lake, alikuwepo mtendaji wa kata, kijana mgeni aliyetoka mbali kuliko Mbeya, na mgambo mmoja aliyekuwa akipuliza viganja vyake. Mke wa balozi alifuata nyuma na mtoto mgongoni, nadhani kwa ajili ya kumtia Bibi moyo.

"Shikamoo, mama," mtendaji akasema.

"Marahaba. Karibuni, baba zangu."

"Ndugu mama, tunapita kila nyumba. Unafanya kazi gani?"

"Nalima."

"Shamba liko wapi?"

Bibi akanyanyua uso kwa fahari. "Njooni."

Akawatembeza hadi nyuma. Mtendaji akasimama ukingoni, akatazama vile vichuguu kutoka jikoni hadi kijitoni, halafu akatazama mbali zaidi, kama anayetafuta shamba lenyewe lilikoanzia.

"Mbona sioni zao?"

"Zao bado. Hii ni ntumba."

"Nauliza mazao, mama. Mahindi, maharage. Wenzako wote wamevuna, nimeona mabua."

"Mimi nitapanda mvua zikija."

"Kila asiyelima ananiambia atapanda mvua zikija." Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu, kama mtu aliyelisikia jambo hilo kila nyumba. Akamgeukia balozi. "Mzee balozi, wewe ni jirani. Mama huyu analima?"

Balozi akavua kofia, akaishika mbele. Nilimwona akijaribu. Alikuwa mlokole, asingeweza kusema alichokuwa hakijui. Aliondoka nyumbani jua halijatoka na kurudi limezama, siku za kupumzika alikuwa kwenye kwaya. "Bibi ni mtu wa kazi," akasema. "Hilo nashuhudia. Anatupa unga kila mara."

"Mwaka huu amepanda nini?"

"Mwaka huu..." Akatazama vichuguu. "Mwaka huu, Bibi, kwa kweli sijakuona ukipanda."

"Ni shamba!" nikasema. "Ntumba ni shamba! Mimi mwenyewe nimelima!"

"Wewe hujafika umri wa kuulizwa," mgambo akasema.

Bibi akawatazama mmoja mmoja. Nadhani ndipo alipogundua. Alikuwa akitafuta kati ya nyuso zile uso mmoja ambao angeuambia neno moja ukaelewa, na hakukuwa na hata mmoja. Aliyeishi upande wa kulia alikuwa Wampembe. Aliyeishi kushoto alikuwa udongoni. Shoga yake, ambaye angekuja mbio akipiga kelele na kuwatukana wote, alikuwa kijijini. Basi akafanya lililobaki. Akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaenda kwenye kichuguu kilicho karibu, akakipiga, akakipasua katikati.

Kichuguu cha ntumba hakifunguliwi kiangazi. Ni kama kufunua sufuria la wali kabla haujaiva. Aliharibu jasho lake mwenyewe ili awaonyeshe. Mvuke ukapanda katika baridi ile. Ndani kulikuwa kweusi, kumelowa, majani nusu yameoza, minyoo ikijikunja, na harufu ikatoka, nzito na kali. Bibi akachota kwa viganja vyote viwili, akawanyooshea.

"Tazameni," akasema. "Hiki ndicho chakula."

Mtendaji akarudi nyuma, akafunika pua kwa kitambaa. "Mama, umefukia takataka? Katikati ya mji? Na kipindupindu kilichotumaliza hapa?"

Neno lile lilipotoka, mambo yakageuka. Kila mtu Kizwite alikumbuka kipindupindu. Kila mtu alikuwa na jeneza alilolisindikiza kwa mbali bila kulishika. Nilimwona mke wa balozi akitazama kile kichuguu kilichopasuliwa, kisha kijito kilicho chini yake ambako wote tuliteka maji ya kufulia, halafu mkono wake ukarudi nyuma ukamshika mtoto mgongoni. Mtoto yule alikuwa ameharisha wiki nzima iliyopita. Mama yake akarudi nyuma hatua kwa hatua. Hakuwa na chuki usoni. Alikuwa na hofu, na hofu ile ndiyo Bibi aliyoiona, kwa sababu aliishusha mikono yake polepole, udongo ukamwagika miguuni pake.

"Ni majani, mama," Bibi akamwambia. "Majani matupu."

"Ndiyo, Bibi," akajibu, akiendelea kurudi nyuma.

Mtendaji aliamua pale pale. Bibi atapelekwa kwenye kijiji kilichokuwa kimeanzishwa mbele ya Kaengesa, kwenye ardhi pana ambako wazee hupewa eneo na kusaidiwa. Alilisema kana kwamba anampa zawadi, na naamini aliona ni zawadi. Nyumba isikae tupu wakati watumishi wanakosa pa kulala, balozi atatafuta mpangaji. Mimi nitabaki kwa balozi nimalize shule. Bibi aliuliza jambo moja tu: je, angeweza kungoja mvua, atawanye ntumba zake? Mtendaji akasema magari hayangoji mvua.

Jioni balozi alikuja peke yake. Alikaa kwenye kigoda, hakuvua koti.

"Ningesema uongo, Bibi?" akauliza.

"Hapana, mwanangu. Usiseme uongo."

"Nitaandika kwa wakubwa."

"Kula kwanza. Ugali unapoa."

Akala. Alikula kwa kuinamisha kichwa, na Bibi akamwongezea mboga mara mbili bila kuulizwa. Alipoondoka nilimwambia Bibi kwa hasira kwamba watu hawa walikuja juzi tu, na mji ulikuwa wetu. Akaniambia ninyamaze. "Hata sisi tulikuja. Aliyekuwa na ulezi hapa kabla ya babu yako, nani amemuuliza alikokwenda?" Halafu akageuza uso akatazama makaa, na niliona kwamba jibu lake halikumpa nafuu hata yeye mwenyewe.

Kijiji alichopelekwa sikukiona mpaka likizo. Nyumba zilipangwa kwa mstari ulionyooka kando ya barabara, na watu wake walikuwa wametolewa huku na huko, hata shoga yake hakuwa hapo, alikuwa amepangwa kijiji kingine, mbali kwa mtu wa miguu. Mashamba waliyagawa kwa matuta marefu ya kupima kwa kamba. Bibi alilima humo, akazeeka haraka. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ya kuondoka hatukuyajua.

Wapangaji walikuwa wamehamia jioni iliyotangulia, kwa sababu lori lao lilifika mapema kuliko tulivyoambiwa, na hawakuwa na mahali pengine. Walikuwa vijana, mume mwalimu, mke mjamzito. Walilala chumba kimoja, sisi chumba kingine. Kulipokucha yule mke alikuwa ameshawasha moto kwenye mafiga ya Bibi na kutandika vyombo vyake vyote sakafuni, vinang'aa, akitafuta pa kuviweka.

"Shikamoo, mama. Samahani, sijui mnaweka wapi."

"Marahaba, binti yangu. Weka popote. Hapa pembeni panavuja mvua ikipiga kutoka kusini, usiweke unga. Na dirisha lile lisukume kwa kiwiko, ndipo linafunguka."

"Ahsante, mama."

"Unatarajia lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Basi ni wa mvua." Bibi akamgusa tumbo kidogo, kwa ncha za vidole.

Honi ya lori ikalia barabarani. Balozi alikuwa nje, amebeba tayari furushi la Bibi kichwani, yeye karani wa mkoa na koti lake la sufi, watumishi wenzake wakipita wakimtazama. Mkewe hakuonekana. Bibi akatazama chumba mara moja, bila kukaa sana mahali popote. Nikamshika mkono, mikono yake ilikuwa ya baridi na bado ina weusi kwenye kucha. Tukatoka. Nyuma yetu yule binti akaona upepo unapeperusha majivu kwenye vyombo vyake vipya, akasema, "Nendeni salama, mama," akafunga mlango.